Stelingi Hupigwa Kwanza

Hotuba ya mgeni rasmi kwenye mahafali ya kidato cha nne ya shule moja ya wasichana mkoani Morogoro, iliyoandikwa upya kutoka kwenye karatasi za msemaji na namna alivyosema ukumbini.

Mkuu wa shule, mwenyekiti wa bodi, walimu, wazazi wenzangu, na ninyi wahitimu mliovaa majoho tangu asubuhi na jua hili: wakubwa zangu shikamooni, wanangu hamjambo.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie nafasi ya mtoto wa kike katika maendeleo. Nilikaa na kalamu siku tatu, nikaona kila ninachoandika mmekwisha kukisikia. Nikamwomba mkuu wa shule, naye amenikubalia, nizungumze juu ya jambo ninalolipenda tangu nikiwa mdogo kuliko ninyi. Nataka kuzungumza juu ya stelingi, yaani shujaa mkuu wa picha za sinema.

Naona wazazi mnatabasamu. Mnalikumbuka neno hilo na mnakumbuka mlikolipata.

Mimi nimekulia Mwembesongo, hapa hapa Morogoro mjini. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja mpaka 1994, kwa hiyo dunia tuliionea kwenye kibanda umiza: kuta za magunia, mabenchi ya mbao mbichi, jenereta linanguruma nyuma, videodeki moja na televisheni moja iliyopandishwa juu ili hata wa mwisho aone. Kiingereza hatukukijua, Kichina hatukukijua, Kihindi ndiyo kabisa. Lakini picha tulizielewa zote, kwa sababu kila picha ilikuwa na stelingi, na stelingi alikuwa na sheria zake. Ya kwanza inajulikana mpaka leo: stelingi hafi. Ya pili haitajwi sana, nayo ndiyo iliyonileta hapa: stelingi hupigwa kwanza.

Kumbukeni zilivyokuwa. Picha haijafika katikati, stelingi amechomewa nyumba, mwalimu wake ameuawa, yeye mwenyewe amepigwa mpaka anatambaa matopeni. Na sisi watoto hatukuwa na wasiwasi hata chembe. Tulijua akitoka hapo anapanda mlimani kwa mzee mwenye ndevu nyeupe, anabebeshwa ndoo za maji, anapiga gogo kwa ngumi mpaka vidole vinatoka damu, kisha anarudi. Kile kipigo cha mwanzo ndicho kilichotuonyesha stelingi ni nani. Mtu ambaye hakupigwa alikuwa mpita njia tu.

Tukitoka kibandani, watoto wa kiume waligawana nafasi. Wewe stelingi, wewe adui, wewe rafiki yake stelingi, yule anayekufa. Sisi wa kike tulikuwa na nafasi moja tu, ya kutekwa. Unakaa chini ya mwembe, mikono nyuma, unangoja wamalize kupigana. Nilikaa pale jioni nyingi, na kila jioni nilitamani kuinuka.

Aliyeinuka alikuwa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, aliyenizidi miaka mitano. Huyu alikuwa na kipaji cha kusimulia ambacho sijakiona tena kwa mtu mwingine. Kanda za akina Lufufu, waliokuwa wakitafsiri picha kwa Kiswahili, zilikuwa bado hazijatufikia, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mtafsiri wetu. Alikuwa akiangalia picha mara moja, amesimama nyuma kabisa, kisha jioni waliokosa kiingilio wanamzunguka naye anaisimulia nzima, sauti ya adui, sauti ya stelingi, mpaka mlio wa mlango. Wiki moja ililetwa kanda ya Cynthia Rothrock, mwanamke wa Kimarekani anayepigana kwa mateke. Kibanda kizima kilinyamaza. Dada aliisimulia picha ile siku saba mfululizo, na siku ya nane, wavulana walipoanza kugawana, akasema, "Leo stelingi ni mimi." Hakuna aliyembishia.

Mwaka 1996, akiwa kidato cha tatu, dada alipata mimba. Shule yake ikamwandikia barua ya kumwondoa. Kijana mwenye mimba ile tulimjua sote. Yeye aliendelea na masomo, akafanya mtihani. Nyumbani baba mkubwa alisema neno moja, "Umetumaliza," na kwa miezi mingi hakusema naye tena. Dada akaacha kusimulia. Watoto walikuja wakamwomba, wakamwomba tena, mwishowe wakazoea.

Nimemwomba ruhusa kabla ya kulisema hili mbele yenu. Amenipa.

Sasa niwaambie kwa nini nakwenda mbali hivi. Ninyi mnapenda wasichana shupavu wa kwenye vitabu na kwenye picha. Nimeona mabweni yenu, nimeona mlichobandika ndani ya milango ya makabati. Na mimi nawapenda, pengine kuwashinda. Lakini nimekaa miaka mingi najiuliza ninachokipenda kwao ni nini hasa, kwa sababu si ngumi, si upinde wala si mavazi. Nikagundua napenda kitu kimoja: hadithi imewapa nusu ya pili. Wamepigwa, na picha haikuishia hapo.

Nusu hiyo kwetu ilikuwa adimu. Wahitimu, wengi wenu mnamjua Rosa. Euphrase Kezilahabi alituletea *Rosa Mistika* mwaka 1971, na kwa muda riwaya ile ilizuiwa isisomwe shuleni. Rosa ni binti wa Zakaria na Regina, wa Ukerewe, mtoto mwenye akili na mwenye haya, ambaye baba yake alimpiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Akalelewa kwa kufungiwa. Alipofunguliwa mlango hakujua pa kukanyaga, akaanguka, na mwisho wa kitabu anajitoa uhai. Nilikisoma nikiwa na miaka 17, nikalia sana, na sikulia kwa kushtuka. Nilikuwa nimejua tangu katikati ya kitabu kwamba atakufa. Kezilahabi hakumwonea, naomba mnielewe. Kidole chake kinawaelekea wazazi, na alikuwa jasiri kulisema hilo mwaka ule. Ila ndivyo hadithi zetu nyingi zilivyokuwa: msichana akiteleza mara moja, zinaanza kumtafutia kaburi. Mvulana akiteleza, anatafutiwa mzee wa mlimani.

Ndiyo maana nilipompata Yasmin wa *Vuta N'kuvute*, kitabu cha Adam Shafi kilichotoka 1999, nilisoma kwa woga. Yasmin ni binti wa Kihindi wa Unguja, enzi za Mwingereza, aliyeozwa mwanamume aliyemzidi umri mbali mno. Anaondoka. Jamaa zake wanamkataa. Anavuka kwenda Ng'ambo, upande wa pili wa mji, kwa shoga yake Mwajuma. Mimi nafungua kila sura nikingoja adhabu yake: sasa ataugua, sasa atatupwa, sasa watamwokota baharini. Shafi hakumwua. Akampa nyumba ya rafiki, akampa mapenzi, akamwingiza kwenye harakati za kudai uhuru, akamwacha akosee na akosee tena, na kila akikosea kuna sura nyingine mbele. Kati ya Rosa na Yasmin ni miaka 28. Mwaka 2021 Amil Shivji akamtoa Yasmin kitabuni akamweka kwenye kioo, na niliiangalia picha ile nikiwa nimemshika mkono mama yangu mzazi, mwanamke ambaye naye aliozwa bila kuulizwa. Hakusema kitu mpaka tulipofika nyumbani. Akaniuliza kama kitabu chake kinapatikana kwa maandishi makubwa.

Lakini stelingi wangu, kama mnataka nitaje mmoja, ametoka Kampala, na huyu hakubuniwa na mtu.

Phiona Mutesi alikulia Katwe, mtaa wa maskini wa jiji hilo. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, shule akaiacha kwa kukosa ada, akawa anauza mahindi barabarani. Siku moja akamfuata kaka yake kwa kificho mpaka kwenye banda moja ambamo Robert Katende alikuwa akiwafundisha watoto sataranji. Sataranji yenyewe hakuijua wala haikumvuta. Mle ndani kulikuwa na uji. Napenda sana kwamba safari yake inaanza na njaa. Watu wengi wakisimulia maisha ya shujaa huanza na ndoto, kana kwamba mtoto mwenye njaa ana nafasi ya kuota.

Picha ya maisha yake, *Queen of Katwe*, ilitoka 2016, ikaongozwa na Mira Nair. Aliyeigiza Phiona ni Madina Nalwanga, msichana wa Kampala ambaye hakuwahi kuigiza kabla ya hapo, na mama yake ni Lupita Nyong'o wa kwetu Afrika Mashariki. Mle bandani watoto wanamcheka Phiona kwa uchafu wake, naye anarusha ngumi. Anayekuja kumfundisha kete ni Gloria, mtoto mdogo kuliko yeye. Gloria anamwonyesha kete ndogo kabisa, ile ya mstari wa mbele ambayo kila mchezaji huitoa kafara bila huruma, kwamba ikivuka ubao mzima ikafika upande wa pili, inageuka malkia. Sikilizeni jinsi sheria ile ilivyo. Kete kubwa haziwezi kufanya hivyo. Farasi akifika mwisho wa ubao anabaki farasi. Ni ile ndogo peke yake.

Wengi hupenda mahali hapo, na mimi napapenda. Ila ninaporudia picha ile, na nimeirudia sana, nairudia kwa ajili ya Urusi. Mwaka 2010 Phiona alikwenda Khanty-Mansiysk, Siberia, kuiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya Sataranji. Msichana wa Katwe kwenye baridi ya Siberia. Na kule akapigwa. Kwenye picha unamwona anavyoshindwa kuinua uso, anavyolia, anavyorudi nyumbani kwenye chumba kinachovuja akiwa ameamua kwamba yale mambo ya ubao hayakuwa ya mtu kama yeye. Mama yake alikuwa amehofia hilo tangu mwanzo: binti aonjeshwe maisha mengine, halafu arudishwe matopeni na asiweze tena kuishi huko wala huku. Wazazi, yule mama si adui katika hadithi ile. Hofu yake naijua, ninayo hata mimi kwa binti zangu.

Na hapo, kwenye chumba kinachovuja, kama hadithi ingekuwa ya zamani ingekwisha. Kocha angehuzunika, mama angesema nilikwambia, mahindi yangerudi kichwani. Badala yake Phiona anarudi kwenye ubao. Na nje ya picha, katika maisha yake mwenyewe, mwaka 2012 alikwenda tena Olimpiadi, safari hii Istanbul, akarudi na cheo cha kimataifa cha mchezo huo.

Mtaniuliza, na Katniss je? Najua, ndiye aliyejaa kwenye milango ya makabati. Msichana wa miaka 16 katika *The Hunger Games* ya Suzanne Collins, kitabu kikatoka 2008, picha 2012. Wengi mnampendea upinde. Mimi nawaomba mtazame upinde ule ulitoka wapi. Baba yake alikufa mgodini akiwa yeye na miaka 11, mama akazama kwenye majonzi asiweze hata kupika, na mtoto yule akavuka uzio kwenda kuwinda porini, kinyume cha sheria, ili mdogo wake Prim ale. Ule ni upinde wa mboga. Ndiyo maana jina la Prim lilipotajwa kwenye kura ya watoto wa kwenda kuuana, Katniss hakuhitaji kufikiri, akajitoa badala yake: alikuwa amekwisha kuwa mzazi wake. Mnao wasichana kama huyo mabwenini kwenu, msidhani sijui. Wapo waliokuja hapa leo huku wakihesabu nauli ya wadogo zao.

Kuna jambo lingine ninalomheshimia mwandishi wake. Katniss anaishi, lakini hatoki mzima. Anaota usiku mpaka mwisho. Nusu ya pili aliyopewa ina makovu, na hakuna aliyeyafuta ili msomaji alale vizuri.

Nalisema hili kwa sababu siku hizi imeingia aina nyingine ya shujaa wa kike ambayo mimi, kwa kweli, siipendi. Huyu ni msichana wa chuma. Hapigwi, halii, hakosei, anajua lugha zote, anawashinda wanaume kumi akiwa amevaa viatu virefu, na nywele hazijatikisika. Wanaomtunga wanasema wametuheshimu. Mimi naona wametunyima kitu kile kile kwa mlango mwingine. Zamani msichana alipigwa akaisha. Huyu wa sasa haruhusiwi kupigwa kabisa. Wote wawili hawana mahali pa kuangukia na kuinukia. Binti akikua akimtazama huyo wa chuma, siku atakayopata alama mbaya, au siku atakayodanganywa na mtu, atajiona si wa hadithi yoyote.

Nimesema stelingi hafi. Lazima niseme pia kuhusu wanaokufa, maana nisipofanya hivyo nitakuwa nimewadanganya watoto. Yule Gloria aliyemfundisha Phiona kwenye picha aliigizwa na Nikita Waligwa. Nikita alifariki Februari 2020 kwa uvimbe kwenye ubongo, ana miaka 15. Umri wa baadhi yenu. Na Wakenya walitoa picha mwaka 2018, *Supa Modo*, ya Likarion Wainaina, ambayo nawasihi walimu muitafute. Jo ana miaka tisa, anapenda picha za mapigano kama tulivyozipenda sisi, na anaugua ugonjwa usiopona. Dada yake hakubali kumwona analala kitandani akingoja. Anamwambia Jo ana nguvu za ajabu, kisha anakizungukia kijiji kizima, wazee kwa watoto, wote waingie kwenye mchezo ule, mpaka wanatengeneza picha yao wenyewe ambayo stelingi wake ni Jo. Nguvu zile hazimponyi, na picha haitudanganyi juu ya hilo. Lakini fikirini: kijiji kizima kimekaa kikaamua kwamba mtoto huyu wa kike, mgonjwa, asiye na nywele kichwani, hadithi ni yake. Mimi sijui heshima kubwa zaidi ambayo watu wanaweza kumpa mtoto.

Wazazi, hapo ndipo ninapowageukia ninyi. Hadithi huandikwa kwenye vitabu, lakini huandikwa pia kwenye barua za shule na kwenye vinywa vya nyumbani. Kwa miaka mingi barua za shule zetu ziliandika mwisho wa aina moja kwa binti aliyepata mimba. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana wa namna hiyo waruhusiwe kurudi kwenye masomo katika shule zetu za umma. Siku ile nilikuwa kwenye daladala, nikaisikia redioni, nikashuka kabla ya kituo changu kwa sababu sikutaka abiria wanione ninavyolia. Ilikuwa imepita miaka 25 tangu barua ya dada. Lakini waraka unaweza kufungua geti la shule. Mlango wa nyumbani unafunguliwa na aliye ndani. Bado wapo kati yetu wanaomwambia binti, "Ukiharibu, usirudi hapa." Wanasema hivyo kwa mapenzi, nakubali, wakidhani wanamlinda. Zakaria naye alidhani anamlinda Rosa. Msiseme hivyo. Mwezi ujao hawa wanaingia kwenye mtihani wa taifa, wapo watakaofaulu na wapo watakaoanguka, na huyo atakayeanguka atawaangalia ninyi usoni ajue kama picha imekwisha au la.

Walimu, nimeleta maboksi mawili ya vitabu kwa maktaba yenu. Yasmin yumo, Rosa pia yumo, nimewaweka pamoja kwa makusudi. Visifungiwe kabatini. Kitabu kikirudi kimechanika jalada, mjue kimefanya kazi.

Wahitimu, namalizia kwa dada.

Anaishi Kihonda, ana genge la mboga na watoto watatu, na sasa ana wajukuu. Mwezi uliopita nilimpelekea *Queen of Katwe* kwenye flashi, nikaichomeka kwenye televisheni yake. Wajukuu wakakaa kwenye jamvi, na watoto wa majirani wakajaa mlangoni kama enzi za kibanda. Kamjukuu kake kadogo, kanakojua stelingi kama msichana tu kwa sababu kamekua kanaangalia Akili, yule mtoto wa chini ya Mlima Kilimanjaro kwenye vipindi vya katuni vya Ubongo, hakakushangaa hata kidogo kuona picha nzima inamfuata msichana. Dada ndiye aliyeshangaa. Alisogea mbele mpaka akawa amekaa na watoto. Phiona akafika Urusi. Akaanza kupigwa. Akainamisha kichwa juu ya ubao, machozi yanamtoka, na hapo hapo umeme ukakatika.

Watoto wakalalamika. Tukangoja. Robo saa, nusu saa, giza. Wa majirani wakaanza kuinuka waende makwao.

Dada akavuta kanga yake begani, akakohoa kidogo, akasema, "Kaeni." Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu nikiwa msichana mdogo. Picha hakuwahi kuiona, na kilichokuwa mbele hakukijua.

"Kaeni chini, msikilize. Stelingi kapigwa. Sasa ndiyo picha linaanza."

Akasimulia mpaka saa nne usiku. Umeme uliporudi, hakuna aliyeinuka kwenda kuwasha televisheni.

Asanteni sana.